Msiba wa Jodari

Katika mji wa Mulina, ng'ambo ya bahari kutoka Ankona, mtu akitaka kusema kwamba jambo fulani halijapata kutokea duniani, alisema, "Basi kamuulize Grubiša, yeye atakuwa amelivua."

Grubiša alikuwa mvuvi wa nyavu ndogo, mfupi, mkavu kama ukuni, wa miaka hamsini na ushei. Tangu ndevu zimwote alikuwa akiwasimulia watu wa Mulina mambo yanayomkuta baharini. Kulikuwa na pweza aliyemvua kofia akaivaa yeye. Kulikuwa na kambakoche aliyeikokota mashua kutwa nzima, hata Grubiša akaiona minara ya Ankona kwa macho yake. Kulikuwa na changu aliyelia machozi mpaka ikabidi arudishwe majini kwa watoto wake. Watu walicheka, wakamjazia kikombe cha divai, wakataka lingine. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Grubiša ilikuwa imefika Ankona na kurudi, na bado ilikuwa inaendelea.

Kitu ambacho watu hawakukijua ni kwamba kicheko kile kilimuuma. Yeye hakuwa akisimulia ili achekeshe. Alisimulia akitumaini kwamba siku moja, mtu mmoja tu, angemtazama usoni akasema, "Ama!" na asicheke.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano ya mwezi wa Septemba, wakati jodari wanapowafukuza dagaa hadi ufukweni. Shemeji yake, anayevua naye siku zote, alikuwa kitandani na homa, kwa hiyo Grubiša alitoka peke yake. Alitega wavu wake katika kijighuba nyuma ya rasi, akitaraji mkizi wawili watatu wa mchuzi. Mara maji yakachemka. Dagaa waliruka kwa maelfu, na nyuma yao likaja dude jeusi, nene, lenye haraka, likaingia wavuni, likaupasua, likajizonga na kile kilichobaki, likakimbilia kwenye kina kifupi na kujipigiza kwenye mwamba.

Ukweli wa Mungu ni kwamba jodari alijimaliza mwenyewe. Kazi ya Grubiša ilikuwa kuruka majini na kumkalia juu mpaka atulie. Lakini alimkalia barabara, na alipotoka hapo mbavu zilikuwa zimechubuka na jino moja halikuwepo.

Akampima kwa kiganja. Shubiri nane na vidole vitatu. Akampima tena. Hata yeye mwenyewe alikuwa na mazoea ya kutojiamini, basi akampima mara ya tatu: nane na vidole vitatu. Alikaa juu ya jiwe, maji yakimchuruzika, akalia kidogo.

Kisha akamfunga mkia kwa kamba, akamvuta nyuma ya mashua, akaanza kupiga makasia kuelekea lango la bahari, penye soko la samaki, huku anaimba. Alishaona mambo yatakavyokuwa. Wauzaji wataacha visu. Zorzi, askari wa soko, mnene yule, atapanua kinywa. Mtu atasema "Ama!"

Aliyemwona kwanza ni mkewe. Stojna alikuwa chini ya ukuta wa mji, sketi ameifunga magotini, anaokota chaza. Alikuwa mwanamke mkubwa, amemzidi mumewe kimo, mabega na akili, na hilo la tatu hata Grubiša alilikubali.

"Unaimba nini wewe?" aliuliza. "Na mdomo wako umefanya nini?"

"Tazama nyuma ya mashua, mke wangu. Tazama halafu uniambie mimi ni mwongo."

Stojna aliingia majini hadi kiunoni, akaangalia. Akampapasa tangu kichwa hadi mkia. Kisha hakusema "Ama!" Alisema, "Nani mwingine amemwona?"

"Hakuna. Ndiyo nampeleka sokoni, wamwone."

"Sokoni!" Stojna alikamata ukingo wa mashua kama anayekamata ng'ombe pembe. "Wewe baba, sheria ya mji huu huijui? Samaki akizidi shubiri nne, kichwa ni cha Liwali. Mkia ni wa Askofu. Mashua si yako, ni ya watawa, na tumbo ni la mwenye mashua. Mgongo ni wa mji, kwa ajili ya ukuta, na ukuta wenyewe tangu nizaliwe una tundu lile lile. Sasa nihesabie mimi, sisi tunabakiwa na nini?"

Grubiša alifikiri. "Mapezi," alisema.

"Na harufu."

"Lakini Stojna, watu watamwona!"

"Watu wakimwona, wataondoka naye kipande kipande. Sisi tutaondoka na sifa. Majira ya baridi, mashua zikilala, nitakutilia sifa chunguni uwe unakunywa."

Walibishana palepale, yeye juu ya mashua na mkewe ndani ya maji, na kama ilivyokuwa kila mara, Grubiša alishindwa. Stojna alimtumbua jodari pale pale, akawapa shakwe matumbo. Wakamfunga ndani ya tanga kuukuu, wakamlaza juu ya makasia mawili, wakamwinua kama machela. Ilikuwa imefika saa saba mchana, jua kali, mji mzima umelala baada ya chakula. Ngazi za uchochoro wao zilikuwa arobaini na moja. Walipumzika kila baada ya tano.

Walipofika ngazi ya thelathini, mlango ukafunguka, akatokea Bibi Draga, jirani yao, kikongwe ambaye hakuwahi kulala mchana maisha yake yote kwa kuogopa kupitwa na jambo. Aliona tanga. Aliona umbo refu ndani yake, limelala chali. Akapiga magoti na kufanya ishara ya msalaba.

"Yesu na Maria! Nani huyo, Stojna mwanangu?"

Grubiša alifungua kinywa. Mkewe akamwahi.

"Mjomba wangu, bibi. Wa kisiwa cha pili. Alikuwa anakuja kututembelea, akafia njiani."

"Masikini! Na wewe hukuwahi kunitajia kama una mjomba!"

"Hatukuwa tunapatana," alisema Stojna, na wakapanda ngazi kumi na moja zilizobaki bila kupumzika.

Walimshusha katika ghala la chini ya nyumba, kati ya pipa la divai na mtungi wa mafuta ya zeituni. Hapo ndipo Stojna alipokaa kitako na kushika kichwa. Alikuwa amefikiri yote isipokuwa moja. Jodari, katika joto lile, angeoza kabla ya kesho kutwa asipotiwa chumvi, na chumvi ndani ya nyumba ilikuwa konzi mbili. Chumvi ya Mulina iliuzwa katika ghala la serikali tu, na karani aliandika kila aliyechukua na kiasi alichochukua. Mke wa mvuvi wa mkizi akienda kuomba kikapu kizima cha chumvi, hata karani aliyelala ataamka.

"Tungempeleka sokoni," alisema Grubiša.

"Nyamaza, baba."

Ndipo mlango ulipobishwa.

Bibi Draga alikuwa amesimama nje na mshumaa, na nyuma yake wanawake wa uchochoro mzima, vitambaa vyeusi kichwani. Msiba ni msiba. Mtu hawezi kumwacha jirani na maiti peke yake, hasa maiti ya mjomba ambaye hawakuwa wanapatana, kwani hao ndio wanaohitaji sala zaidi. Stojna alisema wasijisumbue. Walisema si usumbufu. Alisema marehemu alikuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Bibi Draga alisema yeye ameshazika waume watatu na tauni moja, akapita chini ya mkono wa Stojna, akashuka ghalani, wengine nyuma yake. Wakalizunguka tanga. Mwenye sauti nzuri akaanza kulia.

Walilia vizuri sana, kwa mashairi na kujipiga vifua. Wakamtaja mjomba kuwa nguzo iliyoanguka, taa iliyozimika, mkono uliozoea kutoa. Grubiša alisimama pembeni, kofia mkononi, na kwa vile kilio kile kilikuwa kizuri, machozi yalimtoka kweli.

Kisha Bibi Draga akainama ambusu marehemu miguu, kama ilivyo desturi. Alikaa ameinama kwa muda. Alipoinuka, pua yake ilikuwa inanusa.

"Stojna," alisema polepole. "Mjomba wako, Mungu amrehemu, ana mkia."

Stojna akalifungua tanga. Hakuna aliyepiga kelele, kwa maana wanawake wale walikuwa wake na binti za wavuvi, na waliijua sheria ya shubiri nne kuliko Baba Yetu. Walimtazama jodari. Wakatazamana.

"Nimemvua mimi," alisema Grubiša. "Peke yangu. Shubiri nane na..."

"Una chumvi?" Bibi Draga alimuuliza Stojna.

"Sina."

"Mimi ninayo kiasi. Nani mwingine?"

Basi alasiri ile yote wanawake wa uchochoro walipanda na kushuka ngazi, wamevalia nyeusi, wenye huzuni, kila mmoja ameshikilia kitu chini ya kitambaa chake, kama watu wanavyopeleka rambirambi. Ilikuwa chumvi. Tolislav, fundi mapipa, alileta pipa jipya. Akiulizwa, angesema ni jeneza la mtu mnene. Stojna alikata kwa shoka na kisu kirefu, nyama nyekundu kama divai, na kila aliyeleta chumvi aliondoka na fungu lake. Padri Matulj naye akaja na kitabu na maji ya baraka, maana alisikia kuna marehemu. Alisimama mlangoni, akaona. Padri Matulj alikuwa na mashavu yaliyoingia ndani. Zaka za samaki zilipita mikononi mwake kila wiki kwenda kwa Askofu, na hazikuwahi kugeuka njiani.

"Mimi nimekuja kumwombea mtu," alisema. "Mtu hayupo. Kwa hiyo sijaona kitu." Akafunga kitabu. "Mnafanyaje na ile nyama ya tumbo?"

Na katika shughuli yote ile, hakuna hata mmoja aliyemgeukia Grubiša. Walikuwa wanaharakisha. Alijaribu kuwaeleza jinsi maji yalivyochemka, wakamwambia asogee, amesimama juu ya ubao wa kukatia.

Kesho yake alikwenda sokoni na mkizi wanne aliowavua kwa mshipi, kusudi aonekane. Zorzi, askari wa soko, alimpa mkono mnene na laini.

"Pole na msiba, mzee wangu. Nasikia mjomba wa mkeo."

Hapo Grubiša alipaswa kusema ahsante. Alijua kwamba alipaswa kusema ahsante. Alikuwa amemwahidi mkewe, Bibi Draga, na mtakatifu wa kanisa lao kwamba atanyamaza. Lakini usiku kucha maneno yalikuwa yamemjaa kifuani kama maji kwenye mashua mbovu.

"Mjomba gani!" alisema. "Ni jodari, Zorzi! Shubiri nane na vidole vitatu! Nilimkalia kwa makalio yangu haya!"

Zorzi alicheka mpaka akashika nguzo. Akawaita wauzaji. "Njooni msikie! Grubiša kafiwa na jodari!" Soko zima likacheka. Grubiša alirudi nyumbani uso unawaka, na hakumwambia mkewe neno.

Jambo lingeishia pale, kama Zorzi asingelipeleka mezani kwa Liwali kumchekesha. Liwali aliyeletwa na Venisi, dola iliyoutawala mji, alikuwa mpya, wa miezi mitatu tu, mtu mpole mwenye macho ya huzuni aliyeuchukia upepo wa Mulina na aliyekumbuka kila siku supu ya kichwa cha jodari aliyokuwa akipikiwa na mama yake. Zorzi aliposimulia, mezani walicheka wote. Liwali hakucheka. Hakuwa anamjua Grubiša.

"Shubiri nane," alisema, "na vidole vitatu. Mwongo hasemi vidole vitatu. Mwongo husema kumi. Niitieni uchochoro wote."

Baraza lilikaa Jumamosi asubuhi, chini ya matao ya nyumba ya Liwali. Watu walijaa hadi ngazini. Grubiša aliwekwa mbele, na kando yake mkewe, aliyekuwa ameshaambiwa na Zorzi yaliyosemwa sokoni, na ambaye tangu hapo alikuwa hajamtazama mumewe usoni.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Bibi Draga.

"Ulikwenda msibani nyumbani kwa huyu?"

"Nilikwenda, bwana mkubwa. Tukalia wee, sauti zikatukauka. Kufunua tanga, hamna kitu. Matambara! Grubiša huyu ametuzulia mjomba. Mtu wa kuzulia watu mjomba huyo, hana haya!"

Grubiša aligeuka kumwangalia. Mjomba hakuwa wake. Mjomba alikuwa wa mkewe.

"Na samaki?"

"Samaki gani? Amezua na samaki pia?" Bibi Draga alitikisa kichwa kwa masikitiko. Ukimwangalia kwa makini ungeona midomo yake imekauka, kama ya mtu aliyekula chumvi nyingi.

Akaja Tolislav fundi mapipa. Akasema amemjua Grubiša miaka thelathini na hajasikia kutoka kwake neno moja la kweli, ila siku ya harusi aliposema "ndiyo", na hata hilo lilikuwa la kusitasita. Wakaja wanawake, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alitaja pweza wa kofia. Mwingine alitaja changu aliyelia. Wote walikuwa wamekula samaki wake asubuhi ile, na wote walimwita mwongo kwa moyo mweupe.

Akaitwa Padri Matulj, naye akaapishwa.

"Padri, ulizika mtu Jumatano?"

"Naapa sikumzika mtu, wala sikuiona maiti ya mwanadamu."

"Uliona samaki?"

"Bwana Liwali," alisema padri kwa unyenyekevu, "katika mji huu, ni siku gani mtu hukosa kuona samaki?"

Watu wakacheka. Liwali hakucheka. Aliinama mbele, akamtazama Grubiša machoni, na Grubiša akapigwa na butwaa. Alikuwa ameyatafuta macho yale miaka arobaini: katika vilabu vya divai, sokoni, juu ya mto wa kitanda chake mwenyewe. Yule mtu alikuwa anamwamini. Katika Mulina nzima, mmoja tu anamwamini, na ndiye huyo ambaye hakupaswa.

"Hawa wote wanasema wewe ni mwongo," alisema Liwali, kwa upole. "Mimi sidhani. Nadhani wewe ndiye pekee hapa uliyesema kweli. Nina askari kumi na wawili. Naweza kuwatuma sasa hivi wapekue kila nyumba ya uchochoro ule, kila pipa, na yeyote atakayekutwa na kipande atajua sheria ni nini. Lakini kwanza nataka kusikia kutoka kwako. Ulimvua? Niambie ilivyokuwa."

Niambie ilivyokuwa. Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo isipokuwa akiwa ameshaanza kucheka.

Grubiša aliona maji yanachemka, dagaa wanaruka kama fedha iliyorushwa. Aliona mgongo mweusi. Maneno yote yalikuwa tayari, ya kweli, yamepangana. Kisha akamwona Bibi Draga ameushikilia mkongojo kwa mikono miwili. Akamwona Tolislav, mwenye watoto saba. Akaona kwamba Padri Matulj, kwa mara ya kwanza tangu afike Mulina, mashavu yake yana rangi. Stojna sasa alikuwa anamtazama. Hakumkonyeza wala kumbana mkono. Alimtazama tu, kama mtu anayemwona mwenzake yuko mbali majini na hana la kufanya ila kungoja.

Grubiša akavuta pumzi.

"Bwana Liwali," alisema, "ninaona haya. Kwa Zorzi nilipunguza. Niliogopa hataniamini."

"Ehe?"

"Hakuwa shubiri nane. Alikuwa ishirini. Na kichwani alikuwa na taji."

"Taji," alisema Liwali.

"La dhahabu, bwana, lenye msalaba, kama la mfalme wa Hungaria. Nilipomvuta alinisalimia kwa Kilatini. Mimi Kilatini sikijui, ikabidi nimwitikie 'Amina'. Akaniambia, 'Grubiša, mimi ni mjomba wa mkeo.'"

Kicheko kilianzia kwa Zorzi, kikapanda ngazi, kikatoka nje hadi barabarani kwa watu ambao hawakusikia lolote. Grubiša aliendelea. Aliwaeleza jinsi jodari alivyoulizia hali ya Papa, alivyolalamika juu ya bei ya chumvi, alivyomwomba amfikishe Mulina ili azikwe kikristo, kisha njiani akabadili mawazo. Hakuwahi kusimulia vizuri namna ile. Askari waliegemea mikuki. Bibi Draga alifuta macho. Na muda wote huo Grubiša alimwangalia mtu mmoja tu, akauona ule mwanga machoni mwake unapungua, kama taa inayoishiwa mafuta, mpaka ukazimika. Liwali akawa na uso wa mtu aliyejikuta amevaa nguo kinyume mbele za watu. Atume askari kumi na wawili kumtafuta jodari mwenye taji? Venisi wangelisikia kabla ya Krismasi.

"Inatosha," alisema Liwali.

Hukumu ilisomwa palepale na kupigwa muhuri: kwa kumdanganya askari wa soko na kulipotezea baraza muda, Grubiša asimame sokoni Jumatatu, kichwa wazi, tangu kengele ya asubuhi hadi ya adhuhuri, amening'inizwa dagaa shingoni, ili watu wajue thamani ya neno lake.

Jumatatu jua lilikuwa kali kama lililoamriwa. Zorzi alimvalisha uzi wa dagaa kwa heshima kubwa, akamsimamisha juu ya jiwe. Na watu wa uchochoro wakaja, kila mmoja, kama walivyokuja msibani.

"Mwongo mkubwa wewe!" alipaza sauti Bibi Draga, akitikisa mkongojo wake. Kisha, akijifanya anamtemea mate, akasogea karibu: "Nimekaanga na kitunguu. Tangu nizaliwe sijala kitu kama kile."

"Kofia yako iko wapi, bwana pweza?" alipiga kelele Tolislav, na kwa sauti ya chini, "Watoto wamelala wameshiba, kaka. Mungu akupe."

Padri Matulj alimhubiria juu ya dhambi ya uongo, maneno mazito yaliyosikika hadi bandarini, na katikati ya mahubiri akachomeka kwa haraka kwamba tumbo lilikuwa laini kama siagi. Wakapita wanawake wote. Walimtukana kwa nguvu na kumshukuru kwa mnong'ono, na Grubiša, miguu imemvimba na nzi wanacheza na dagaa kifuani, alisimama wima zaidi na zaidi, mpaka Zorzi akamuuliza kama mgongo unamuuma.

Karibu na adhuhuri Liwali mwenyewe akapita, anatoka kanisani. Aliwapungia askari mkono wabaki nyuma. Akasimama mbele ya lile jiwe kama anayekagua bei ya dagaa.

"Hapa hakuna karani," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna kitakachoandikwa. Shubiri ngapi, kwa kweli?"

Mikono ya Grubiša ilianza kufunguka yenyewe. Aliizuia, akaifunga nyuma ya mgongo.

"Bwana wangu," alisema, "mimi ni mwongo. Muhuri umeupiga wewe mwenyewe."

Liwali alimtazama kidogo. Akatikisa kichwa taratibu, akaenda zake kula, na nasikia siku hiyo ilikuwa dengu.

Stojna alikuja na kofia kengele ilipolia. Alimvisha, akamfuta uso kwa pembe ya aproni mbele ya soko zima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata walipokuwa wachumba.

"Sasa mimi nikuambie kitu," alisema wakipanda ngazi. "Nilipomwona kule majini siku ile... nilitaka kupiga kelele. Alikuwa mkubwa, baba. Ama! Alikuwa mkubwa kweli."

Grubiša alikaa juu ya ngazi ya kumi na tano, akasema miguu inamuuma, na hakuweza kuinuka kwa muda.

Pipa liliwalisha hadi mwezi wa Februari. Miaka miwili ilipotimia Liwali akarudishwa kwao Venisi, akaja mwingine asiyejua lolote, na ndimi za uchochoro zikafunguka. Kila mtu sasa alikuwa amemwona jodari. Kila mtu alikuwa amembeba. Katika mwaka wa kwanza jodari alifika shubiri kumi na mbili. Tolislav aliapa kwamba pipa lilikuwa la watu wawili kuingia, na Bibi Draga, aliyekuwa karibu kufa, alisimulia kwamba alipombusu mkia, yule samaki alifumbua jicho moja.

Grubiša alikuwa akiwasikiliza klabuni, anapandwa na hasira.

"Nane!" alisema, akigonga meza. "Shubiri nane na vidole vitatu! Nilimpima mimi mwenyewe, mara tatu!"

Walitazamana, wakacheka, wakamjazia kikombe. "Msikieni Grubiša," walisema. "Yaani huyu hata kwa bahati mbaya hawezi kusema kweli."